Famasi Zote za Mwanga Wananiambia "Imeisha Mama"

SWALI: Shikamoo dada nesi. Mimi ni mama wa miaka 52, nipo Kigoma mjini huku Mwanga, nauza mawese na dagaa sokoni. Hedhi yangu ilikata mwaka juzi, alafu ndo likaanza hilo joto, yaani linaanzia kifuani linapanda shingoni mpaka utosini kama mtu kakumwagia uji wa moto, usiku naamka khanga imelowa chapa. Mwanzo nikajua malaria, nimemeza mseto mara tatu dada, nakuja kupima hamna mdudu. Mwisho daktari wa akina mama akaniandikia vidonge vya homoni, estradioli miligramu 1 kila siku na projesteroni ya kumeza usiku. Miezi mitano nikarudi kuwa mtu. Sasa famasi niliyokuwa nachukulia wanasema imeisha, nimezunguka nne, moja kijana kanipa vidonge vya majira anasema ni homoni zilezile, nyingine wana projesteroni tu. Binti yangu alinitumia kwa basi kutoka Dar paketi mbili zikaisha. Nimebakiza vidonge 9, nameza leo naruka kesho. Nikikosa kabisa nitadhurika? Mama wa Mawese, Kigoma.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole na hayo mazunguko, kuzunguka famasi nne kwenye jua la Mwanga huku unawaka kutoka ndani sio mchezo.

Nianze na hivyo vya majira kwanza maana hapo ndo nimeshtuka. Kama hujavimeza, viache hapohapo. Kama umevimeza, acha, na ukaonane na daktari wako akupime presha. Yule kijana kasema nusu ya kweli, na nusu ya kweli kwenye dawa ni hatari kuliko uongo mzima. Ni kweli majira yana homoni, lakini vile vidonge 21 vya kwanza kwenye paketi za kawaida (vile 7 vya kahawia vya mwisho ni madini ya chuma tu) vina istrojeni (homoni ya kike, hata estradioli yako ni aina ya istrojeni) ya kutengenezwa yenye nguvu kuliko hiyo yako, imepimwa iwe na uwezo wa kuzuia mimba kwa msichana, sio kupoza joto kwa mama wa miaka 52. Kwa umri wetu inaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa na presha kupanda, na kama una presha tayari au unavuta sigara ndo kabisa. Mimba ya kuzuia mwenzangu unayo wapi.

Sasa hilo la kudhurika. Hutakufa, na mwili hautaharibika kwa sababu umekosa homoni hizi wiki mbili tatu. Hii sio kama dawa ya presha au ya kisukari ambayo ukikata ghafla unaweza kuanguka. Kitakachotokea ni joto kurudi, usingizi kupaa, hasira za bure, viungo kuuma, pengine ukavu ukeni. Inatesa ila sio hatari. Hiyo ya kumeza leo kuruka kesho haikusaidii kitu, homoni inapanda inashuka na joto linaweza kurudi, pengine na damu ya matone inatoka, na hiyo lazima ikaangaliwe hospitali. Mpigie daktari aliyekuandikia au nenda umuone, mwambie nimebakiza 9, nifanye nini, anaweza kukupunguzia dozi kwa mpangilio au kukusimamisha kabisa mpaka dawa ije.

Kitu ambacho nakuomba ukishike kuliko vyote: kama bado una kizazi, usije ukameza estradioli peke yake kwa muda mrefu kwa sababu projesteroni ndo imekosekana. Istrojeni ikiwa peke yake inanenepesha ukuta wa kizazi na baada ya muda hapo ndo kansa ya kizazi inapoanzia, projesteroni ipo kwa ajili ya kuuzuia ukuta huo. Waliotolewa kizazi ndo wanatumia istrojeni pekee. Kwako wewe kwa sasa ni kinyume, projesteroni ipo estradioli hamna, basi muulize daktari kama uendelee nayo, wengine inawasaidia angalau kulala, ila usiamue mwenyewe. Na damu yoyote inayotoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, unaenda hospitali, usiseme ni homoni tu.

Tuje kwenye kuipata. Nimefanya kazi wodi za akina mama miaka mingi hapa Tabora na baada ya kustaafu nikawa namsaidia ndugu yangu kwenye famasi yake, kwahiyo nimekaa pande zote mbili za kaunta. Mwenye famasi wa mkoani anaagiza kwa wauzaji wa jumla wa Dar au Mwanza, na hela yake ni ndogo, anaangalia nini kinatoka. Dawa ya presha inatoka kila siku. Ya homoni ataleta boksi tatu, anauza moja, mbili zinakaa kwenye shelfu mpaka zinaisha muda na hiyo ni hasara yake. Mwaka unaofuata haleti. Na kwanini hazitoki? Kwa sababu sisi wenyewe tunaziulizia kwa kunong'ona. Mama anaingia, anakuta vijana watatu wananunua panadol na kondomu, anaona aibu, anazuga kuulizia dawa ya kikohozi anaondoka. Nimewaona hao, na siku moja nilikuwa mimi, yule dada wa kaunta akanirudishia kwa sauti "mama unataka dawa ya nini?" nikajikuta nimenunua Vicks ambayo sikuwa na shida nayo. Kwahiyo mwenye duka anaona hakuna mteja kumbe wateja tupo tumejaa.

Fanya hivi. Ile boksi ya zamani usiitupe, kata ule upande wenye jina la dawa na miligramu, weka kwenye pochi pamoja na cheti. Ukifika usitaje jina la kampuni, taja jina la dawa yenyewe, estradioli, na miligramu zake, maana kampuni moja inaweza kukosekana ila nyingine ikawepo na ndani ni kitu kilekile. Huna haja hata ya kuongea, onyesha kile kikaratasi. Omba kuonana na mfamasia mwenyewe sio kijana wa kuuza, mwambie mimi nitachukua kila mwezi, andika namba yangu, nakuachia advansi. Kama una wenzako wawili watatu sokoni wanaomwagika jasho kama wewe na wana cheti (utawajua tu, wanajipepea na mfuniko wa ndoo) mkaagize pamoja, mwenye duka akiona oda ya watu wanne amelipwa kabisa, huyo ataleta. Na uagize ukiwa umebakiza vya wiki tatu, sio 9. Maduka ya dawa muhimu usipoteze nauli, orodha yao ya dawa za cheti ni fupi na hii hutaikuta.

Binti akituma kwa basi tena, amwambie konda mzigo ukae ndani, sio kule chini au juu ya injini, safari ni ndefu na dawa haipendi kuungua. Ukiupokea angalia seal na tarehe ya kuisha.

Kwa hizi siku za katikati lala na khanga ya pamba, ndoo ya maji ya baridi na kitambaa karibu na kitanda, chai ya moto na pilipili jioni punguza, pombe pia kama unatumia. Ukavu kuna vilainishi vya maji vinauzwa famasi bila cheti, mawese yako acha ya kupikia. Kama joto limezidi muulize daktari kuhusu dawa zisizo za homoni, gabapentini kwa mfano, hiyo ya kifafa na mishipa ya fahamu, inapunguza joto kwa wengi na kuipata ni rahisi kidogo. Na malaria, siku nyingine pima kwanza kabla ya kumeza mseto. Ila jasho la usiku likija na kikohozi cha wiki mbili na kupungua uzito, hiyo sio homoni, kapime TB, matibabu yake kwenye vituo vya serikali ni bure.

SWALI: Habari ya kazi dada. Mke wangu ana miaka 49, tuko Tabora Ipuli. Wifi yake aliyepo Uingereza alimletea jeli ya homoni ya kupaka mkononi, imeisha na huyo wifi haji mpaka Disemba. Mimi kwa upande wangu nafurahi iishe maana nasikia hizi zinaleta kansa ya matiti. Nakosea?

JIBU: Unakosea kidogo ila kwa nia nzuri, na nimefurahi mwanaume kauliza. Hofu hiyo ilitoka Marekani mwaka 2002, utafiti mkubwa wa wanawake zaidi ya 16,000 ulisimamishwa kabla ya muda. Kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliomeza vidonge vya mchanganyiko wa homoni mbili 38 walipata kansa ya matiti, waliomeza vidonge vya kulinganishia visivyo na dawa ndani 30. Kwahiyo hatari ipo, ni watu nane katika elfu kumi. Na wale akina mama wastani wao ulikuwa miaka 63, sio 49. Siku hizi madaktari wengi wanakubali kwamba mwanamke wa chini ya miaka 60 anayeteseka, na hana historia ya kansa ya matiti wala damu kuganda wala ugonjwa wa ini, kwake faida mara nyingi inazidi hatari. Jeli hata kwenye kuganda kwa damu ina afadhali kuliko kidonge.

Kinachonitia wasiwasi mimi sio jeli, ni kwamba hujataja dawa ya pili. Kama ana kizazi na alikuwa anapaka jeli tu bila projesteroni aende kwa daktari wiki hii, jeli nayo ni istrojeni, haijalishi imepita kwenye ngozi. Alafu kutegemea wifi ni kujitesa. Huko kwenyewe mwaka 2022 jeli ilikosekana mpaka serikali ikaamuru mtu asipewe zaidi ya ya miezi mitatu kwa mara moja. Daktari atambadilishia vidonge kwa dozi inayolingana, hayo mahesabu msifanye wenyewe nyumbani. Na kama hedhi bado inakuja inaruka, kumbuka bado anaweza kushika mimba, homoni hizi hazizuii. Mzee usije ukasema sikukwambia.

SWALI: Kuna unga unatangazwa kwenye status za WhatsApp, elfu 85, unarudisha homoni zote ndani ya wiki mbili. Nipo Nzega, miaka 50.

JIBU: Hakuna unga wa hivyo. Ovari zikipumzika zimepumzika. Muulize muuzaji namba ya usajili ya TMDA (mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba), uone atakavyokublock. Ukitaka soya kunywa uji wake, ni chakula kizuri na haifiki elfu 85, wengine inawapunguzia joto kidogo wengine hawaoni tofauti. Hiyo hela nunua feni.