Mnana hajakuzoea, ameogopa

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Turiani, wilaya ya Mvomero. Tangu masika yaanze, mnana wamejaa kwenye mwarobaini nyuma ya nyumba yetu, wanasuka viota tangu alfajiri. Nina kamera ya mtumba na lenzi ya 75-300mm. Dume anatoka njano tupu, unyoya hauonekani hata mmoja. Kichwa kinakuwa doa jeusi lisilo na jicho. Mabawa nayo ni ukungu mtupu. Mpiga picha wa harusi wa hapa kwetu kaniazima ngazi. Anasema nikate matawi yanayoziba, nipande nisogee, na nicheze sauti ya mnana kwenye simu ili waje wenyewe. Eti ndege akitulia kwenye kiota ujue ameshakuzoea. Nifuate? Au ninunue lenzi kubwa zaidi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na kamera, maana hapo hapana ugumu wowote. Kamera yako inaona kichwa cheusi na majani yenye kiza, inadhani eneo lote lina giza, inaongeza mwanga, na njano inaungua. Tafuta kitufe chenye alama ya +/-, ushushe mpaka -0.7. Kasi ya shata iwe 1/2000 ya sekunde ukitaka mabawa, na 1/800 inatosha akiwa ametua. Acha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, ipande yenyewe mpaka 3200; chengachenga kidogo za ISO zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana, sio JPEG, utaweza kuinua weusi wa kichwa baadaye bila kuharibu njano. Jicho lake ni jekundu na litajitokeza lenyewe ukimsubiri ageuke upande wa jua. Lenzi za aina hiyo hupoteza ukali wa picha zikivutwa mpaka mwisho, kwa hiyo rudi nyuma kidogo, 250mm hivi, na upenyo wa kupitisha mwanga uwe f/8. Lenzi kubwa usinunue mwaka huu.

Sasa huyo fundi wako wa harusi. Hasira zangu si juu yake peke yake, kwa sababu kila mvua zikianza napokea swali hilihili kwa maneno tofauti: "Nilikaribia mpaka mita moja na ndege hakuruka, inaonyesha hakuwa na hofu." Sentensi hiyo imeua vifaranga wengi kuliko manati.

Ndege aliyelalia mayai ana mambo mawili tu ya kuchagua: aruke ayaache, au abaki na hatari. Akibaki, anatulia tuli kwa sababu kujitikisa kutamtangaza. Wewe unaona utulivu, yeye anahesabu hatua zako. Watafiti waliwahi kupima mapigo ya moyo ya pengwini waliolalia mayai, wakakuta moyo unakwenda mbio mtu anapokaribia ilhali kwa macho ndege haonyeshi lolote. Mtu mzima akishikiwa kisu naye hutulia. Hatusemi amezoea.

Na akishindwa kuvumilia akaruka, hesabu inaanza. Masika mvua ni ya baridi, yai huzizima upesi. Mvua ikikatika saa sita jua huchoma, na kifaranga asiye na manyoya ndani ya kiota kilicho wazi hana mama wa kumkinga. Wewe huko chini unarekebisha fokasi.

Matawi ndiyo yananiumiza zaidi. Lile jani linalokuziba wewe ndilo linalomziba kunguru. Ndilo mwavuli wakati wa mvua na paa wakati wa jua. Kunguru ana akili kuliko tunavyompa sifa. Anatazama watu wanaangalia wapi. Ukikata tawi asubuhi, ukasimama hapo saa nzima ukielekeza lenzi, ukaondoka, umemchorea ramani. Kesho yake unakuta kiota kimepasuliwa na unaniandikia kwamba "ndege wamehama". Hawakuhama.

Sauti ya simu nayo ni ujinga wa aina yake. Mti wa mnana una kelele kama soko la Jumamosi, simu yako itaongeza nini? Lakini ushauri huo haukai kwenye mti wa mnana, unahamia kwa ndege wanaoishi dume mmoja na jike mmoja na eneo lao la kulinda. Dume wa namna hiyo akisikia mwenzake anaimba ndani ya mipaka yake, anaacha kulisha, anaacha kulinda, anamsaka adui ambaye hayupo. Atakuja karibu, ndiyo, na picha utapata. Umepiga picha ya baba mwenye nyumba aliyetoka na rungu usiku kwa sababu wewe umegonga dirisha.

Kwa bahati nzuri, mnana ni mvumilivu kuliko wengi. Anajenga karibu na nyumba za watu kwa hiari yake, kuku na watoto hawamshtui. Na kuna siri ambayo huyo fundi haijui: picha bora za mnana hupatikana kabla ya mayai. Kiota kikiwa bado kibichi na kijani, dume huning'inia chini yake kichwa chini, anapiga mabawa na kupiga makelele akimwita jike aje akague. Jike huingia, huvuta nyuzi hapa na pale kama mama anayekagua ukili, na mara nyingi hutoka bila kurudi. Kiota kikikauka na kuwa rangi ya kahawia bila kupata mtu, dume mwenyewe hukivunja na kusuka kingine. Yote hayo hutokea mchana kweupe, hakuna yai la kuharibika. Ukiona jike anaingiza majani laini au manyoya, ujue ameafiki kiota. Hapo punguza muda wako na usisogee zaidi ya ulipokuwa.

Umesema mti uko nyuma ya nyumba. Basi una kibanda cha kujifichia ambacho wenzako wanalipia hela: dirisha. Funga kanga mbili za rangi iliyopauka, acha tundu la lenzi, kaa kwenye kiti. Masika wingu hulainisha mwanga, ila usielekeze kamera juu kwenye anga jeupe. Chagua kiota chenye majani nyuma yake. Jua likitoka, una kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi. Baada ya hapo vivuli vinakuwa vikali, nenda kapalilie.

Ninaandika kwa urefu kwa sababu uongo wa "ametulia" hauishii kwa ndege. Msimu huu mtu akipalilia atakuta mtoto wa pongo amejikunyata kwenye nyasi, hakimbii, hata akiguswa. Picha zitapigwa, kisha atabebwa nyumbani "ametelekezwa". Hajatelekezwa. Mama humficha, huenda kula, hurudi kumnyonyesha. Humlamba na hata kula kinyesi chake ili harufu isimvute chui. Mtoto amefundwa asitikisike, nawe umemchukua kwa sababu alitii. Zaidi ya hapo, kukaa na mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, usije ukashangaa.

Kuna wale ndege wadogo wanaotaga mchangani kando ya mabwawa. Ukikaribia, mama hukokota bawa kama limevunjika ili umfuate uyaache mayai. Nimeona video watu wakicheka na kumfukuza "ndege mgonjwa" dakika tano nzima. Akikokota bawa, geuka urudi ulikotoka kwa hatua zilezile ulizojia, maana mayai yanaweza kuwa chini ya kiatu chako.

Kinyonga wa milimani, Usambara na Uluguru, hali yake ni mbaya kuliko wote, kwa sababu amezaliwa mpole. Wanamchomoa kichakani, wanamtundika kwenye kijiti, wengine wanamfunga uzi mguuni, halafu wanasifu rangi zake zilivyokolea. Mara nyingi rangi ile ni hofu au hasira. Ukitaka kumwona alivyo, nenda usiku na tochi. Akilala hupauka na utamkuta kwenye ncha ya tawi. Piga picha mbili tatu pale alipo, zima tochi, ondoka. Anayekuuzia kozi ya siku moja yenye "vinyonga wa kupanga" anakufundisha kutesa tu, upigaji picha haumo.

Kwa hiyo wiki hii: dirisha, kanga, -0.7, na viota vya kijani. Ngazi mrudishie mwenyewe.