Infografia darasani: mpe mwanafunzi penseli

Mwaka wangu wa tatu kufundisha hapa Tanga nilitoa hela mfukoni, nikachapisha bango la rangi kuhusu zao la mkonge. Lilikuwa na kila kitu: ramani, picha ya shamba, mashine ya korona inayochakata majani ya mkonge, takwimu na maelezo kila kona. Nikalibandika ukutani darasa la sita, nikafundisha huku nikilionyesha kwa fimbo. Wiki mbili baadaye niliwapa jaribio. Jibu la swali la kwanza lilikuwa palepale ukutani, maana bango sikulitoa, lakini waliopata walikuwa wachache mno. Watoto walikwisha kulizoea kama kalenda ya mwaka uliopita.

Iliniuma, na ndiyo iliyonibadilisha. Infografia ni mchoro unaokusanya picha, namba na maneno machache ili habari moja ieleweke kwa kuitazama. Mimi nimeona kwamba anayefaidika nayo kwanza ni yule anayeichora. Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, kabla hujahangaika kutafuta michoro mizuri ya kuwaonyesha, wape watoto habari fupi na karatasi tupu.

Mkonge huohuo niliurudia mwaka uliofuata. Niliwasomea aya moja tu: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani, na iliyofika ikiwa hai ni 62. Nikawaambia, nionyesheni jambo hilo bila kuandika sentensi hata moja. Kundi moja likaanza kuchora miche elfu, mmoja baada ya mwingine. Sikuwazuia. Walipofika kama sabini, msichana mmoja aliweka penseli chini akasema, "Mwalimu, je, tukichora visanduku mia, kila kimoja kikawa miche kumi?" Wakachukua rula, wakapiga mistari, kumi kwa kumi. Visanduku sita wakavipaka kijani. Ikabaki miche miwili, na hapo ndipo ubishi ulipowaka. Mmoja alitaka wapake kisanduku kizima, mwingine akasema hiyo itakuwa uongo. Mwisho waligawa kisanduku cha saba sehemu tano, wakapaka moja. Asilimia 6.2 ilikuwa imeshaingia darasani kabla sijaitaja.

Ukiwapa karatasi ya manila bila masharti, watakunakilia kitabu kizima kwa herufi ndogo. Mimi naweka sharti la maneno ishirini, basi. Wanalalamika, lakini katika kuchagua lipi libaki na lipi litoke ndimo ninamoona nani kaelewa. Aliyeshindwa kupunguza, mara nyingi bado hajajua kiini cha habari yenyewe, na huyo ndiye ninayekwenda kukaa naye.

Kuna kosa moja ambalo watoto hulifanya sana, na hata magazeti hulifanya. Tulihesabu wanavyokuja shuleni: kwa baiskeli 16, kwa daladala 8. Kijana mmoja akamchora mtoto wa baiskeli mrefu mara mbili ya yule wa daladala, na mnene mara mbili pia. Namba zilikuwa sahihi, lakini kwa macho baiskeli zilionekana nyingi kupita kiasi. Sikumkosoa kwa maneno. Nilikata karatasi yenye ukubwa wa picha ndogo, nikamwambia aipange juu ya ile kubwa. Iliingia mara nne. Alinyamaza kidogo, kisha akafuta, akachora watoto wa kimo kimoja, 16 mstari wa juu, 8 mstari wa chini. Siku hizi ndivyo ninavyowaelekeza wote: picha zisikue, ziongezeke idadi.

Kusoma mchoro nako kunafundishwa, tena polepole. Tulipofika kwenye kipindupindu, nilichora ubaoni kwa mkono ramani rahisi kufuata ile ya daktari Mwingereza John Snow, aliyechunguza vifo vya ugonjwa huo mtaa wa Soho, London, mwaka 1854. Nilitia alama nyeusi kwa vifo na duara kwa kila pampu ya maji. Sikueleza kitu. Niliuliza tu, mnaona nini? Watoto wa Ngamiani, hapa Tanga, waliokulia kwenye barabara za namba, hawakupata shida kusoma mitaa. Dakika chache tu wakaja mbele, wakaweka kidole kwenye pampu iliyozungukwa na alama. Ndipo nikawaambia kwamba mpini wa pampu hiyo uliondolewa, ili watu wasichote maji yake. Ningeanza na jibu, ningewanyima raha ya kuligundua.

Vifaa visikutishe. Projekta sina, na umeme hukatika. Natumia upande wa nyuma wa kalenda kuukuu, penseli na rangi tatu, maana zikizidi watoto huanza kupamba. Mchoro uliofanikiwa tunauhamishia kwenye gunia la salfeti lililopasuliwa, kwa maka peni ya wino usiofutika. Salfeti haichaniki upesi, hukunjwa, na vumbi unalipangusa kwa kitambaa kibichi.

Gridi ya mkonge, yaani vile visanduku mia, ninayo hadi leo kwenye salfeti. Naitundika kila mwaka bila kichwa cha habari, nawauliza wanafunzi wapya vile sita na kipande vya kijani ni nini. Mwaka huu mmoja alisema ni waliofaulu mtihani. Nikampa penseli, nikamwambia aniandikie kichwa kinachofaa jibu lake, kisha tukasoma ile aya ya 1893 pamoja.