Goti linalouma ukishuka mlima: usikimbilie kulaumu ute

Wanaoishi juu kwenye mawe ya Mabatini, Igogo au Isamilo jijini Mwanza wanalijua hili: kupanda ni kuhema tu, kushuka ndiko kunakoumiza goti. Wengi huambiwa ute unaolainisha goti umekwisha, basi inakuwa bamia asubuhi, supu ya kongoro jioni. Kuleni, ni chakula kizuri, ila hakiendi kugeuka ute gotini. Tumboni kinasagwa kama chakula kingine chochote. Tena goti lililochakaa mara nyingi lina maji mengi kuliko kawaida, ndiyo maana linavimba.

Kinacholika ni gegedu, utando mweupe unaoteleza uliofunika ncha ya fupa la paja, kichwa cha muundi na mgongo wa kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti. Gegedu la mtu mzima halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute unaosukumwa kuingia na kutoka goti linapokunjwa na kunyooshwa, kwa hiyo kulala wiki nzima ukisubiri lipone hakusaidii.

Unaposhuka, mguu uliobaki juu hujikunja ukiwa umebeba mwili wote, na msuli wa mbele wa paja ndio breki. Msuli huo hukandamiza kilegesambwa kwenye fupa la paja, na goti hubeba mara 3 ya uzito wako au zaidi. Ongeza ndoo ya lita 20 kichwani, hizo ni kilo 20 nyingine za kuzidisha. Paja likiwa legelege, kishindo chote kinaishia kwenye kiungo. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni paja.

Kaa kwenye kiti kigumu. Nyoosha mguu mpaka goti linyooke kabisa, vidole vikitazama juu, hesabu sekunde 5, kisha ushushe polepole. Fanya mara 10, pumzika dakika 1, rudia mpaka itimie mizunguko 3 kwa kila mguu, siku 4 au 5 kwa wiki. Watu wengi huuachia mguu uanguke, kumbe kule kushusha polepole ndiko kunakoufunza msuli kazi ya mteremko.

Baada ya wiki 2, simama kwenye kidaraja cha sentimita 10 hivi, karibu na ukuta wa kushikilia. Kunja goti la mguu uliosimama mpaka kisigino cha mguu mwingine kiguse sakafu, kisha panda tena. Tazama goti: lielekee kidole cha pili cha mguu. Likiingia ndani, umeshuka sana kwa nguvu ulizonazo, punguza kimo. Maumivu madogo yanayotulia kufikia kesho yake yasikutishe. Goti likiamka limevimba, punguza nusu. Nafuu ya kweli huchukua wiki 6 hadi 8, na wengi huacha wiki ya pili.

Njiani, shuka kwa kukata mshazari, hatua fupi. Kwenye ngazi, mguu mzima utangulie kupanda, unaouma utangulie kushuka. Fimbo ishikwe mkono ulio upande wa pili wa goti bovu. Maji yabebe lita 10 mara mbili. Ndala zilizolika kisigino tupa. Na kwa wenye uzito mkubwa, kila kilo 1 inayopungua hulitua goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Diklofenaki, zile dawa za maumivu, za kununua dukani kila wiki tunazipinga: zinachoma tumbo, zinaumiza figo na kupandisha presha. Zile "dawa za viungo" zisizo na lebo zinazoondoa maumivu kwa usiku mmoja ziogopeni zaidi, maana nyingine huchanganywa steroidi, na ukizitumia muda mrefu mifupa yenyewe inadhoofika.

Mlio wa goti usio na maumivu wala uvimbe hauna neno. Lakini goti likikwama, au ukishindwa kulikanyagia baada ya kuanguka, nenda ukapigwe picha. Likivimba ghafla, likawa la moto na homa ikapanda, nenda Sekou Toure, Bugando au hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, kwa sababu vijidudu vinaweza kuharibu gegedu ndani ya siku chache. Kwa mtoto mwenye selimundu, maumivu ya mfupa pamoja na homa yasisubiri hata asubuhi.