Kuhamisha maktaba ya PHP kwenda Python: yaliyonikuta kwenye hesabu za mikopo

Mkuu mleta mada, umeuliza kama maktaba yenu (fungu la msimbo) ya kukokotoa mikopo, iliyoandikwa kwa lugha ya PHP, muihamishie Python mstari kwa mstari au muiandike upya kabisa kwa mtindo wa Python. Kazi hiyohiyo nimeifanyia chama kimoja cha akiba na mikopo. Jibu langu ni mstari kwa mstari kwanza. Ila kuna kazi inayotangulia hata huo mstari wa kwanza, mimi niliiruka, na ndiyo nataka nikueleze.

Nilifungua madirisha mawili, PHP kushoto, Python kulia, nikaanza kuandika. Wiki tatu nikawa nimemaliza. Programu inawaka, namba zinatoka, kwa macho ziko sawa, tukaiweka kwenye seva. Mwisho wa mwezi mhasibu wa chama, mama mtu mzima, akaniita ofisini. Mezani alikuwa na ratiba mbili za marejesho ya mkopo uleule, ya zamani na mpya, amezilaza sambamba. Alikuwa anashusha rula mstari baada ya mstari, akifika penye tofauti anaweka nukta ya kalamu nyekundu. Kila tofauti ilikuwa shilingi 1. Akaniuliza, "Mwanangu, hii shilingi imekwenda wapi?" Nikamwambia, mama, ni shilingi moja tu. Akasema vitabu vyake havina safu ya "tu".

Nilikaa na zile karatasi hadi usiku. Chukua salio la 431,500 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi: riba ni 6,472.50. PHP ukiiambia round, nusu inapanda, unapata 6,473. Python 3 ukiiambia round hiyohiyo, nusu kamili inakwenda kwenye namba shufwa iliyo jirani, unapata 6,472. Sasa chukua salio la 432,100: riba ni 6,481.50, na hapo lugha zote mbili zinakupa 6,482, kwa kuwa 6,482 ni shufwa. Ndiyo maana majaribio yangu machache ya mkono hayakunishtua, maana mara zinakubaliana, mara zinaachana. Waliounda Python 3 walikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa ukipandisha kila nusu, jumla ya namba nyingi inavimba (Python 2 ilikuwa inapandisha). Lakini mwanachama alisaini mkataba wenye 6,473. Dawa yake ni kutumia moduli ya decimal na kuchagua ROUND_HALF_UP kila mahali penye fedha, bila kuiachia lugha iamue.

Baada ya hapo ndipo nilipofanya nilichopaswa kuanza nacho. Ile maktaba ya PHP nikaiacha hai, nikaifanya shahidi. Nilichukua mikopo yote iliyokwisha kufungwa, nikafuta majina, nikaandika kiprogramu kifupi cha PHP cha kupitisha kila mkopo kwenye kila fankisheni na kuhifadhi kilichoingia na kilichotoka kwenye faili la JSON (maandishi ambayo lugha zote mbili zinaweza kuyasoma). Upande wa Python nikaweka jaribio moja: soma faili, kokotoa, linganisha mpaka shilingi ya mwisho. Nikaongeza na yale yanayotokea kwa nadra: mkopo wa shilingi 0, mtu aliyelipa kupita deni, mkopo wa tarehe 31 Januari.

Hiyo tarehe 31 peke yake ililipa gharama ya kazi yote. PHP ukiipa 31 Januari na kuiambia iongeze mwezi mmoja, inakupeleka tarehe 3 Machi, au 2 Machi mwaka ukiwa mrefu. Upande wa Python nilikuwa natumia relativedelta, zana ya kuongeza miezi kwenye tarehe, nayo inasimama tarehe ya mwisho ya Februari. Mwanachama mmoja, mkopo mmoja, tarehe mbili za kulipa, na faini ya kuchelewa inahesabiwa kuanzia hapo! Kuna na baki ya namba hasi: -7 ukiigawa kwa 3, PHP inasema baki ni -1, Python inasema 2. Mkiwa na mahali mnaporudisha miezi nyuma, paangalieni.

Kilichonitesa kuliko vyote, lakini, ni kistari cha juu kwenye ng’. Maktaba yetu ilikuwa inatengeneza faili la malipo la kupeleka benki, ambamo jina linapewa nafasi 30, kiasi kinafuata. Kujazia nafasi zilizobaki, PHP kwa str_pad inahesabu baiti (vipimo vya hifadhi ya kompyuta). Python kwa ljust inahesabu herufi. Kwa Juma na Asha hakuna tofauti. Lakini wanachama wetu wengi ni Wasukuma, na majina yanayoanza na Ng’wa yalikuwa yamenakiliwa kutoka Word, yenye ile alama iliyopinda badala ya ile iliyonyooka ya kibodi. Alama iliyopinda katika UTF-8, namna ya kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, ni baiti 3. "Ng’wana" ina herufi 7 lakini baiti 9. Kwa hiyo Python ikijaza mpaka herufi 30, nafasi ya jina inapata baiti 32, na kiasi cha fedha kinasogea nafasi mbili kulia. Mfumo uliokuwa unalisoma ulihesabu baiti, ukaikataa mistari hiyo. Watu waliocheleweshewa fedha zao wiki ile walikuwa wa majina ya Ng’wa peke yao, na mpaka leo jambo hilo linaniuma. Ilibidi nibadili jina kuwa baiti kwanza, ndipo nijaze.

Sasa, ukikuta kosa ndani ya ile ya zamani, ulisahihishe palepale? Usilisahihishe. Lihamishe kama lilivyo, liandikie maelezo, mlisahihishe kwenye toleo linalofuata. Ukihamisha na kusahihisha kwa mkupuo mmoja, tofauti ikitokea hutajua ni ya uhamishaji au ya marekebisho.

Ila hayo marekebisho yafanyike kweli. Mwaka 1995 Netscape, watengenezaji wa kivinjari, walipokuwa wanaiharakisha lugha ya JavaScript, kipengele cha tarehe walikinakili kutoka java.util.Date ya Java, pamoja na miezi inayoanza na 0 na getYear inayopunguza 1900 kwenye mwaka. Mwaka 1997 Java 1.1 ilishawaambia watu waache nyingi ya fankisheni zile, na mwaka 2014 Java 8 ikaleta java.time ambamo Januari ni 1. Date ya JavaScript hadi leo Januari yake ni 0.

Kuhusu kuandika upya kwa mtindo wa Python, tazama walichofanya watu wa TypeScript, lugha iliyojengwa juu ya JavaScript. Machi 2025 Anders Hejlsberg wa Microsoft alitangaza kwamba kompaila yao (programu inayokagua na kutafsiri msimbo) wanaihamishia lugha ya Go. Wengi waliuliza kwa nini si lugha ya Rust. Sababu mojawapo ni kwamba msimbo wao wa zamani unaweza kukaa ndani ya Go karibu na umbo lake lilelile, fankisheni kwa fankisheni, na Go inajisafishia kumbukumbu yenyewe kama walivyozoea. Kwa umbo hilohilo, kukagua msimbo wa VS Code, mistari takriban milioni 1.5, kulishuka kutoka sekunde 77.8 hadi 7.5. Kwa hiyo majina ya fankisheni za PHP yaache yalivyo mpaka shahidi akubali kila mstari. Hata unittest, maktaba ya majaribio ya Python, ilitokana na JUnit ya Java, na setUp na assertEqual zake zingali na sura ya Kijava.

Mambo mawili kwa haraka. Kama maktaba si yenu, someni leseni. Kuihamishia lugha nyingine hakuifanyi iwe yenu, na chardet ya Python, maktaba ya kutambua usimbaji wa maandishi, ilibeba leseni ya LGPL kwa sababu ilitokana na msimbo wa Mozilla. Pili, tafuteni kwanza kama kuna aliyekwisha kuihamisha. Kwa kukagua namba za simu, kwa mfano, libphonenumber ya Google ina phonenumbers upande wa Python, na matoleo yake yanafuata namba za matoleo ya asili. Hilo ni muhimu kwa kitu ambacho data yake inabadilika kila mara.

Anza na fankisheni ya riba pekee, usiguse nyingine. Tengeneza faili la shahidi, liendeshe pande zote mbili, kisha weka hapa mistari inayokataa kulingana, bila majina ya wanachama, tuitazame pamoja.