Kabla Hujapanda Basi la Misheni, Uliza Utafundisha Darasa Gani

Dada mmoja wa Kasarani ameniandikia wiki hii. Kanisa lao linapeleka vijana kaskazini mwa Uganda mwezi wa nane kufundisha watoto, na kamati imemwambia aombe, afunge, na amalize mchango wake mapema. Sasa anauliza ajiandae vipi. Nilicheka peke yangu, maana hayo matatu ndiyo niliyoambiwa mimi pia. La kufundisha hakuna aliyeligusa.

Mimi nilienda Gulu. Ya njiani nayaruka: basi la usiku, foleni ya mpakani macho yakiwa mazito, Kampala, kisha basi lingine hadi Karuma, ambako nyani hukaa kando ya barabara wakisubiri ndizi za abiria. Kitambulisho cha taifa kinatosha kukuvusha kwenda Uganda. Chanjo ya homa ya manjano uidungwe angalau siku 10 kabla ya safari, na neti usiiache, malaria ya kule haina mzaha.

Tulipewa darasa la pili. Kamati yetu haikuwa imeuliza chochote, kwa hivyo hakuna aliyejua kwamba tangu 2007 mtaala wa Uganda unataka watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya kwao, na la nne ndilo la kuvukia Kiingereza. Sisi tukashuka na katoni ya karatasi za mazoezi za Kiingereza, zenye picha za theluji na watu waliovaa makoti mazito. Watoto walizipokea kwa adabu zote, na kufika mapumziko nyingi zilikuwa zinaruka uwanjani kama eropleni. Kiongozi wa msafara akapiga picha. Na usifikiri Kiswahili kitakuokoa. Baraza la mawaziri la Uganda lilikipitisha kiwe lugha rasmi mwaka 2022, lakini mtoto mdogo wa Gulu anazungumza Kiacholi.

Mimi nimesomea ualimu, na sikwenda kule kupiga makofi. Jioni hiyo nilimfuata mwalimu wa darasa, mama wa makamo ambaye wote tulimwita Madam, nikamwomba anionyeshe amefika wapi. Alikuwa kwenye kujumlisha. Akaniandikia namba za Kiacholi, moja hadi kumi, kwenye kipande cha karatasi: acel, aryo, adek, angwen, abic, mpaka apar. Nikazikariri usiku ndani ya neti, simu ikiwa tochi.

Asubuhi tuliokota vizibo vya soda kwenye kibanda kilicho jirani na shule, kila mtoto akapata kumi. Kulikuwa na kijana mmoja dawati la nyuma. Ukimpa tano na tatu, anazipanga zote kisha anahesabu upya kutoka moja, na katikati anapotea. Nikafunika vile vitano kwa kiganja nikamwambia, hapa ni abic, endelea. Akanitazama. Akaniinua mkono achungulie kama vitano bado vipo, akacheka, akaurudisha mkono wangu mahali pake, kisha akaendelea: abicel, abiro, aboro. Hesabu iliyofuata alifunika mwenyewe. Madam alisimama nyuma akirekebisha matamshi yangu kwa sauti, na darasa zima likawa linanisahihisha kwa furaha kubwa mno.

Najisifu? Najisifu. Madam hunitumia ujumbe hadi leo, na vile vizibo bado anavitumia.

Sasa nikuambie kilichoniuma. Jumapili ya shukrani tuliporudi Nairobi, picha zikawekwa kwenye skrini, waliokuwa na magitaa wakaitwa mbele kutoa ushuhuda, na jina langu likasomwa mwishoni kabisa, kati ya "waliosaidia jikoni". Jikoni! Jikoni niliingia kufuata malakwang tu (mboga chachu ya karanga, mwanzoni ulimi unakataa, baadaye unaomba kuongezwa). Watu waliniambia thawabu iko mbinguni. Najua iko mbinguni. Inaniuma bado.

Kwa hivyo, dada, uliza. Uliza ni darasa gani, uliza ni lugha gani, uliza mwalimu amefika wapi, na wakikuambia "tutajua tukifika", uliza tena. Uliza kalenda pia: mwezi wa nane sisi tumefunga shule, lakini wenzetu wanakuwa wanamalizia muhula wa pili na kujiandaa kwa mitihani. Ukiingia darasani wakati huo na nyimbo na biskuti, umemkatia mwalimu siku zake za kudurusu. Usimtoe mwalimu darasani. Kaa chini yake. Wewe utapanda basi urudi Kasarani, yeye ndiye atakayebaki na wale watoto.

Na hapa niwaambie vijana wote wa makanisa ya Nairobi, maana tunajipenda mno. Tunawalalamikia wazungu wanaokuja Kibera na kamera shingoni, wakibeba watoto wa watu wapigwe picha. Tukivuka mpaka pale Malaba, tunafanya yale yale, tofauti ni rangi ya mkono ulioshika simu. Mtoto wa mtu hapigwi picha bila ruhusa ya mzazi au ya shule, hata kama umefunga na kuomba. Pesa za tisheti za kufanana zingenunua chaki na madaftari ya muhula mzima, tena zikanunuliwa pale pale Gulu, mwenye duka naye afaidike. Msinikasirikie. Nimevaa hizo tisheti, ninayo moja hapa, ndiyo ya kupigia deki.

Uliuliza pia kama ubebe gitaa. Kama unajua kulipiga, libebe, watoto watalipenda. Ila likae chumbani mpaka masomo yaishe, na Madam ndiye aseme yameisha.