Popo ndani ya chandarua cha mtoto: mpelekeni hospitali leo

Pole sana dada. Umeuliza mambo mawili: kama popo waliojaa juu ya silingi bodi hapo Pasua, Moshi, wanaweza kuwaambukiza kichaa cha mbwa, na kama mtoto wa miaka miwili, mliyemkuta asubuhi na popo ndani ya chandarua, apelekwe hospitali ilhali hana kidonda. Naanza na la mtoto kwa sababu halingoji. Mpelekeni leo. Meno ya popo ni madogo mno, anaweza kung'ata na alama usiione, na mtoto wa umri huo hawezi kukueleza kilichompata usiku. Mkiona popote pamekwaruzika, paosheni kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima. Msipake mafuta ya taa, majivu wala tumbaku.

Mimi ni fundi wa mapaa, kazi zangu ni Arusha na Moshi, na popo nakutana nao sana kwenye nyumba za zamani. Kijana wangu mmoja aling'atwa kidole gumba tukibandua silingi kule Sakina. Vitundu viwili kama vya pini, tone moja la damu, na alipomaliza kunawa bombani ilibidi tusogee kwenye mwanga ndipo tuvione. Zahanati tuliyoanzia walimwambia popo hana kichaa, apake spiriti akapumzike. Sikukubali, nikampeleka hospitali kubwa, na daktari wa pale akamwanzishia chanjo jioni ileile. Yuko mzima, tunapanda naye mapaa mpaka leo. Kwa hiyo mkijibiwa hivyo na ninyi, msipoteze muda kubishana, nendeni kwingine.

Chanjo huanza siku hiyohiyo, kisha siku ya 3, ya 7, na nyingine baadaye kwa ratiba mtakayopewa. Mkianza msikatishe. Daktari akiona inafaa ataongeza sindano ya kingamwili, ambayo huchomwa kwenye kidonda na kukizunguka. Ugonjwa huu unaweza kukaa kimya wiki au miezi, na hapo ndipo watu wengi hudhani wamepona. Dalili zikishaanza, mtu akaanza kuogopa hata maji ya kunywa, hakuna tiba ya kumwokoa.

Sasa hao wa darini. Kirusi chenyewe cha kichaa cha mbwa kinaishi ndani ya popo huko bara la Amerika. Huku kwetu kinachoua watu ni mbwa, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya wanaougua duniani huambukizwa na mbwa. Lakini popo wa Afrika wana virusi ambavyo ni ndugu wa hicho, na vinaua vilevile. Kimoja kinaitwa Duvenhage. Kiligunduliwa Afrika Kusini mwaka 1970, kwa mtu aliyeng'atwa na popo akafa. Mwaka 2007 mtalii kutoka Uholanzi alijeruhiwa usoni na popo kule Tsavo Magharibi, hifadhi ya wanyama ya Kenya, hakuchanjwa, akafia kwao. Tsavo Magharibi si mbali na sisi, ukivuka Holili na kuipita Taveta umeikaribia. Ni matukio machache sana, nakubali, ila kwa ugonjwa wa aina hii sitamshauri mzazi abahatishe.

Kulala chini ya popo hakuambukizi. Kirusi kiko kwenye mate, kinahitaji kung'ata, kukwaruza, au mate kuingia machoni, mdomoni au kwenye kidonda. Kinyesi kina balaa lake jingine, kuvu linaloingia mapafuni na vumbi, kwa hiyo kilowesheni maji kabla ya kufagia na mvae barakoa. Ninaowahofia zaidi ni watoto. Popo aliyeanguka uani mchana, hawezi kuruka, huenda anaumwa, na ndiye watoto hukimbilia kumwokota. Mfunikeni kwa ndoo, mwiteni daktari wa mifugo, na msimponde kichwa, maana kipimo hufanywa kwenye ubongo.

Kuwatoa inawezekana. Simama nje jua linapozama utazame wanatokea wapi, mara nyingi ni chini ya kofia ya bati au nyuma ya fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, utaona doa jeusi lenye mafuta. Ning'iniza wavu juu ya tundu, uwe wazi chini, ili watoke wasiweze kurudi. Wakiisha ziba. Kabla ya hapo fundi ahakikishe hakuna vitoto visivyoweza kuruka, vitafia humo na harufu yake mtaihama nyumba. Avae glavu nene za ngozi, na kama kazi yake ni hii kila siku, akaulize chanjo ya kinga ya mapema.

Akija mtu na sumu ya kupulizia darini, mkatalieni. Popo waliolewa sumu huangukia vyumbani na uani, na mna mtoto anayeokota kila kitu.