Tiketi ya mwendo kasi kwa mwenye leseni ya CDL: usilipe kabla ya kujua unachokikubali

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa lori la masafa marefu hapa Marekani, na leseni yangu ya CDL, yaani ya kuendesha magari makubwa ya biashara, imetolewa na jimbo la Ohio. Majuzi polisi walinisimamisha karibu na Indianapolis nikiwa na lori, wakaniandikia tiketi ya kwenda maili 72 kwa saa mahali ambapo kikomo ni 55. Mwaka jana nilikutwa na hatia ya kushika simu mkononi nikiendesha lori. Wenzangu wananishauri nilipe faini kwa mtandao, kisha niombe kuhudhuria darasa la udereva ili kosa lisiingie kwenye rekodi. Je, niwasikilize? Na je, mambo yangekuwa tofauti kama ningekuwa kwenye gari langu dogo?

JIBU: Ndugu dereva, tafadhali usilipe faini hiyo kwa sasa. Wenzako wanakutakia mema, lakini ushauri wao unamfaa mwenye leseni ya kawaida, na kwako unaweza kukugharimu kazi.

Kwa mujibu wa kanuni za serikali kuu zinazosimamia CDL, kulipa faini kunahesabiwa kuwa hatia kamili, sawasawa na kusimama mbele ya hakimu na kukiri kosa. Kanuni hizo hizo zinasema kuwa kuzidisha kikomo kwa maili 15 kwa saa au zaidi ni kosa zito, na wewe umeandikiwa 17. Kushika simu ukiwa unaendesha lori nako kumo katika orodha ya makosa mazito, pamoja na kulifuata gari la mbele kwa ukaribu mno, kubadilisha njia ovyo na kuendesha kwa uzembe. Jambo ambalo madereva wengi hulijua wakati wameshachelewa ni kwamba makosa hayo hayahitaji kufanana ili yajumlishwe: hatia mbili zozote kutoka katika orodha hiyo, za matukio tofauti ndani ya miaka 3, humzuia dereva kuendesha lori kwa siku 60, na ya tatu huleta siku 120. Kwa kuwa tayari unayo ile ya simu, hii itakuwa ya pili. Katika muda huo wa kufungiwa, hakuna jimbo linaloruhusiwa kukupa kibali cha muda cha kuendesha lori, hata kama watoto wako wanategemea mshahara huo.

Kuhusu darasa la udereva, sheria imeufunga mlango huo. Majimbo yamekatazwa kuficha hatia ya mwenye CDL, kuahirisha hukumu yake, au kumwingiza katika mpango wowote unaofanya kosa lisionekane kwenye rekodi yake. Ukilipia darasa kwa matumaini hayo utapoteza fedha bure.

Kinachobaki ni kuipinga tiketi yenyewe. Soma tarehe iliyoandikwa juu yake na ujibu kabla haijapita, kwa sababu kupuuza wito wa mahakama kunaweza kusababisha leseni kusimamishwa, na hapo utakuwa umejiongezea tatizo lingine. Tafuta wakili anayefanya kazi katika mahakama za huko Indiana na anayezifahamu kesi za CDL, na umweleze habari ya simu tangu mwanzo bila kuficha, kwani utetezi wote unategemea hesabu hiyo ya makosa mawili. Wakili anaweza kudai kumbukumbu za ukaguzi wa rada iliyotumika, na pale ushahidi unapokuwa dhaifu anaweza kuzungumza na mwendesha mashtaka kuhusu shtaka litakalolingana na kile kinachoweza kuthibitishwa. Hilo hufanyika kabla ya hukumu, nalo ni tofauti na kuificha hatia iliyokwisha kupatikana. Kama lori lina kamera au mfumo wa kurekodi mwendo, iombe kampuni ihifadhi data za siku hiyo mapema kabla hazijafutwa, ila wakili azipitie kwanza, maana zinaweza pia kuthibitisha maneno ya polisi.

Ukikutwa na hatia, unalazimika kumjulisha mwajiri wako kwa maandishi ndani ya siku 30. Leseni ikisimamishwa, muda ni mfupi zaidi: mwajiri anapaswa kuambiwa kabla ya kumalizika siku ya kazi inayofuata ile uliyopata taarifa. Mahakama ikikuachia, na kosa hilo lilikuwa limeandikwa pia kwenye ripoti ya ukaguzi wa barabarani, tumia mfumo wa DataQs wa serikali kuu kuomba rekodi irekebishwe, ukiambatisha nakala ya uamuzi. Kampuni unazoomba kazi huweza kuona miaka 3 ya kaguzi zako, hivyo usiliache.

Na gari dogo? Hapo kuna nafuu kiasi. Kosa la mwendo ulilofanya katika gari lako binafsi huingia katika hesabu ya siku 60 ikiwa tu hatia hiyo imesababisha leseni yako kusimamishwa au kufutwa. Hata hivyo, katazo la kuficha hatia linakufuata hata huko, na wajibu wa kumjulisha mwajiri ndani ya siku 30 unabaki vilevile, isipokuwa kwa makosa ya kuegesha gari.